Flashi ya Linux isipoiona diski: kerneli hubadilishwa mahali patatu

Fundi amechomeka flashi ya kusakinishia Linux, kompyuta imewaka vizuri, lakini kwenye skrini anaambiwa hakuna diski. Mara nyingi mwenye kompyuta huambiwa diski imekufa, anunue nyingine. Msikilizaji, kabla hujatoa pesa, uliza kwanza habari ya kerneli.

Kerneli ni kiini cha mfumo. Ndiyo inayozungumza na diski, kibodi na waifai. Ile ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi huko Helsinki, Finland, na ndiyo iliyomo hata kwenye simu za Android. Leseni yake inamruhusu yeyote kuibadilisha.

Tuchukue mfano wa Debian. Flashi yake ina kerneli ya wakati ilipotengenezwa, hivyo kifaa kipya kuliko hiyo huenda kisitambuliwe. Jaribu kwanza toleo jipya la Debian. Faili lake dogo la kusakinishia linazidi megabaiti 600, kwa hiyo tafuta waifai, usimalize bando. Likishindwa nalo, ndipo fundi ajenge kerneli yake mwenyewe kwenye kompyuta nyingine. Kwenye mashine dhaifu kazi hiyo huchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati, ni hasara.

Hapa ndipo wengi hukwama, maana kubadilisha faili moja hakutoshi. Kwenye flashi kuna kerneli yenyewe, faili liitwalo vmlinuz. Kuna pia initrd, mfumo mdogo wa kuanzia unaobeba moduli, yaani vipande vinavyoiwezesha kerneli kutumia vifaa mbalimbali. Moduli lazima ziwe za toleo lilelile la kerneli. Jina la toleo likitofautiana hata kidogo, utaambiwa hakuna moduli zilizopatikana, na diski itabaki haionekani.

Mahali pa tatu ndipo panaposahaulika zaidi: ndani ya diski. Usakinishaji wa Debian huweka huko kerneli yake ya kawaida, si ile uliyoijenga. Kazi itaonekana imekwisha salama, lakini ukitoa flashi na kuwasha, mashine itakwama njiani. Dawa yake ni kuijenga kerneli kama kifurushi cha deb, kwa amri ya make bindeb-pkg, kisha kukisakinisha kwenye mfumo mpya kabla ya kuzima na kuwasha.

Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni zina ulinzi uitwao Secure Boot, ambao huikataa kerneli isiyo na saini inayotambulika. Huzimwa kwenye mipangilio ya kuwashia mashine. Kama diski ina picha au hesabu za duka, zinakiliwe pengine kwanza, maana usakinishaji unaweza kuifuta yote.

Mfumo ukishawaka, andika uname -r. Jibu liwe jina la kerneli uliyoijenga.