Ushindani wa Gemu za Mkakati

Istilahi ya "michezo ya kielektroniki", ambayo aghalabu hutumiwa kutaja mashindano ya gemu, inataja chombo na kuiacha shughuli. Kwani anayejiburudisha kwa simu baada ya kufunga duka mjini Kasulu, na yule aliyeketi Jakarta mwaka 2018, pale gemu ya Clash Royale ilipochezwa kwa maonyesho katika Michezo ya Asia, wote wawili wanacheza kielektroniki, ilhali mmoja tu ndiye anayeshindana mbele ya mwamuzi, kwa kanuni zilizotangazwa. Miaka mitano baadaye, katika Michezo ya Asia ya huko Hangzhou, mashindano ya gemu yakatolewa nishani kamili. Kwa hiyo mimi nasema "ushindani wa gemu", wala sioni haya kulitumia neno gemu. Lugha iliyopokea meza na shati haitadhurika kwa hilo.

Neno lenye uzito zaidi ni mkakati. Mbinu ni hila ya mara moja. Mkakati ni azma inayozifunga hila zote pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Katika Clash Royale mchezaji huingia na karata 8, hupewa dakika 3 za kawaida kuilinda minara yake 3, na kila karata aitupayo humlia sehemu ya akiba inayojijaza taratibu, isiyozidi 10. Ajuaye bao la Kiswahili atafahamu mara moja, kwa kuwa naye wakati wa kunamua huanza na kete 22 za akiba, akiziingiza moja moja, huku akipima lini aile ya mwenzake na lini aistahimili hasara. Tofauti ni kwamba bao humngoja mtu afikiri, hata akune ndevu akipenda, gemu haimngoji. Ndiyo maana aina hii yafaa iitwe mkakati wa papo kwa papo.

Katika nyanda hizi za juu za Kigoma, ambako Kibondo na Kasulu zilipata umeme wa majenereta ya dizeli mpaka gridi ya Taifa ilipozifikia mwaka 2022 kwa njia ya Nyakanazi, simu ilitangulia kompyuta kwa masafa marefu, na kijana atakaye kushindana huanza na kilichomo mfukoni mwake, bando lake likiwa ndilo kiingilio. Hapo ndipo ilipo taabu ambayo istilahi peke yake haiitatui: mtandao ukikwama kwa nukta mbili, karata iliyokusudiwa kuulinda mnara huangukia uwanja mtupu, na mshindani akashindwa na mawimbi, si na mwenzake. Anayetaka kuandaa mashindano Kibondo, kabla ya kutafuta kombe na fulana, na aandike kwanza kaida ya mtandao unaokatika: ni nani athibitishaye kuwa umekatika, na je, mchezo hurudiwa au huhesabiwa?