Vitamini za Muhimbili

Wadau, historia ya Muhimbili siyo ya wodi tu. Mwaka 1995, dawa za kurefusha maisha zikiwa bado ndoto kwa walalahoi, watafiti wa chuo chake na wenzao wa Harvard, kitivo cha afya ya jamii, walianza kuwapa vitamini wajawazito wenye VVU jijini Dar. Kina mama 1,075 walishiriki.

Matokeo yakatoka 1998. Kwa nusu waliopewa vitamini B, C na E pamoja, mimba 30 zilipotea. Kwa nusu nyingine, 49. Ila mwaka 2002 ikabainika vitamini A iliongeza hatari ya mtoto kuambukizwa!

Huruma bila utafiti inaweza kuumiza. Tuliyajua haya kwa miili ya kina mama wale. Naomba kutoa hoja.