Kipimo cha kumbukumbu kilichopima pia shule

Kipimo kifupi cha akili kinachojulikana kama MMSE kilichapishwa mwaka 1975 na Marshal Folstein, mkewe Susan Folstein na Paul McHugh, nchini Marekani. Vifaa vyake ni karatasi, kalamu na saa ya mkononi. Muda wake dakika kumi hivi. Mgonjwa huulizwa tarehe ya leo na mahali alipo. Hutajiwa maneno matatu ambayo baadaye atatakiwa kuyakumbuka. Hutoa saba kwenye mia, kisha saba tena kwenye kinachobaki, mara tano. Husoma agizo la kufumba macho, akafumba, huandika sentensi, hunakili pembetano mbili zinazokatana. Alama zote ni 30, na desturi ikawa kwamba anayepata chini ya 24 anashukiwa kuwa na dimenshia, yaani kudhoofika kwa akili na kumbukumbu.

Kusoma, kuandika, kutoa, kuchora: sehemu kubwa ya maswali hayo ni kazi za darasani. Dosari hiyo ilionekana mapema. Mwaka 1982 kipimo kilijaribiwa kwa wagonjwa wa wodi ya kawaida katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Kiliwanasa asilimia 87 ya waliokuwa na dimenshia au kuchanganyikiwa kwa ghafla, na kuwaachia huru asilimia 82 ya wasio nayo. Lakini wote walioshukiwa bure walikuwa wamesoma chini ya miaka tisa.

Mwaka 1993 zikatoka takwimu za Wamarekani zaidi ya 18,000. Kwa waliosoma miaka tisa au zaidi, alama ya katikati ilikuwa 29. Kwa waliosoma miaka minne au pungufu, 22. Yaani mtu wa kawaida kabisa katika kundi la pili alikuwa tayari chini ya mstari.

MoCA, kipimo cha Ziad Nasreddine na wenzake wa Montreal cha mwaka 2005, kilikuja kuwagundua walioanza tu kusahau, ambao MMSE iliwapitisha wengi wao. Suala la shule kililishughulikia kwa kuongeza alama moja kwa aliyesoma miaka 12 au chini ya hapo. Kwa bibi ambaye hajawahi kushika kalamu, alama moja ni kiraka kidogo mno.

Jibu la maana zaidi lilipatikana vijijini. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, utafiti wa mwaka 2010 uliwafikia wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na baada ya hapo kikatengenezwa kipimo cha IDEA. Hakuna kuandika. Mzee huulizwa daraja ni nini, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka maneno kumi aliyosomewa, na badala ya kuchora hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano aliowekewa mezani.

Hata kipimo kizuri hubanwa na hesabu. Chukua wazee 1,000, kati yao 60 wana dimenshia, na kipimo chenye usahihi ule wa Baltimore. Wagonjwa 52 watanaswa, wanane watapita. Wazima 940 nao watatoa washukiwa 169. Kati ya washukiwa wanne, mgonjwa ni mmoja hivi. Ndiyo maana kule Hai alama peke yake haikutosha kumwita mtu mgonjwa: walioshukiwa walipimwa upya na daktari, na ndugu wa karibu wakaulizwa kama mzee bado anajua njia ya kurudi nyumbani.