Saratani ya ini na upasuaji wa moyo: daktari anaangalia nini?

Mgonjwa ana saratani ya ini, na sasa valvu ya moyo nayo imeharibika. Atapasuliwa? Swali kubwa siyo uvimbe wenyewe, ni ini lililobaki: bado linafanya kazi?

Ini hutengeneza protini za kugandisha damu. Kifua kikifunguliwa, mashine hushika kazi ya moyo na mapafu, na mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda. Ini zima huhimili. Ini lenye makovu, yaani sirosisi, ambayo wengi wenye saratani hii wanayo, linaweza kuzidiwa: damu haikatiki, figo zinagoma, maambukizi yanaingia.

Madaktari hutumia kipimo cha Child-Pugh. Kinapima manjano, albumini, kuganda kwa damu, maji tumboni na kuchanganyikiwa. Daraja A, wengi huvuka salama. B, hatari inapanda sana. C, kwa kawaida hapasuliwi.

Kwa mtu wa Lemara, safari ni ndefu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) na Taasisi ya Saratani Ocean Road zote ziko Dar es Salaam, lakini ni hospitali mbili tofauti. Majibu ya vipimo vya ini yasafiri na mgonjwa, hasa ya homa ya ini B, chanzo kikubwa cha saratani hii.

Mshipa wa moyo ulioziba huweza kuzibuliwa kwa mrija kupitia mkononi, bila kufungua kifua. Ila dawa za baadaye nazo huongeza kuvuja damu.