Shamba la Kahawa la Ngong na Nyumba Zake za Zamani



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini kitabu cha miaka kumi ya kikundi kina habari za shamba la mzungu. Jibu ni fupi. Ile ploti tuliyonunua ina stoo ya mawe ya zamani, na mpaka sasa hatujakubaliana. Wengine wanasema tuibomoe tujenge vyumba vya kukodisha, wengine wanasema tuitengeneze. Kabla hatujapiga kura kwenye mkutano mkuu, tumeona ni vizuri tukumbushane historia ya shamba moja la huku kwetu Ngong, ambalo majengo yake yamebadilishwa kazi mara nyingi. Mtaa wa Karen tunaujua sisi sote, lakini wachache wanajua ulikotoka.

Nyumba kubwa ya shamba hilo ilijengwa mwaka 1912 na Åke Sjögren, injinia kutoka Uswidi. Mama aliyekuja kuwa maarufu hapo, Karen Blixen, alitoka Denmark akafika nchini Januari 1914 na kuolewa Mombasa mwezi huo huo. Yeye na mumewe Bror waliingia katika nyumba hiyo mwaka 1917. Pesa za shamba zilitoka kwa jamaa za Karen kule Denmark, ambao waliunda kampuni, na mjomba wake ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kwa hivyo lilikuwa shamba la familia, lakini kwenye karatasi mwenye shamba ni kampuni. Jambo hilo tulishike, maana tutalirudia.

Karen mwenyewe aliandika kwamba shamba lilikuwa na ekari 6,000. Kahawa ilikuwa ekari 600 tu. Sehemu nyingine ilikuwa msitu, na karibu ekari 1,000 walikaa maskwota, wengi wao Wakikuyu, na vibanda vyao, mbuzi na mahindi yao. Ng'ambo ya mto kulikuwa na Wamaasai. Sheria ya mwaka 1918 ilisema skwota afanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka ndipo apate ruhusa ya kukaa. Hebu fikirieni, nusu ya mwaka unalima kwa mwingine, na wengi walikuwa wamezaliwa hapo hapo, wao na baba zao. Karen alikubali katika kitabu chake kwamba pengine watu hao walimwona yeye ndiye skwota, ila wa cheo cha juu kidogo. Wakati wa kuchuma, wanaume, wanawake na watoto wote walikuwa shambani. Shamba lile lilisimama kwa mikono ya mama zetu na nyanya zetu pia, ingawa majina yao hayakuandikwa mlangoni.

Kuanzia mwaka 1921 Karen aliliendesha shamba peke yake, na mwaka 1925 ndoa ikavunjika. Kazi aliijua na bidii alikuwa nayo, hilo hatumnyimi. Lakini shamba liko juu, zaidi ya futi 6,000, na kahawa haipendi baridi ya Ngong. Miaka mingine mvua ilikosekana. Kiwanda cha kukaushia kahawa kikaungua moto. Mwishowe bei ya kahawa ikaanguka duniani kote, deni likapanda, na wale jamaa wa Denmark wakachoka kutoa pesa. Mwaka 1931 kampuni ikauza shamba. Aliyelinunua alikuwa Remy Martin, mfanyabiashara wa ardhi, akalikata vipande vya ekari ishirini ishirini kuwauzia watu wa kujenga nyumba. Ndivyo mtaa wa Karen ulivyoanza.

Hapo sasa tuangalie nani alibaki na nini. Maskwota waliambiwa wahame. Hawakuwa na karatasi yoyote. Karen alizunguka ofisi za serikali akiomba watu hao wapewe mahali pamoja wasitawanyike, na hatimaye wakapewa sehemu katika msitu wa Dagoretti. Yeye mwenyewe, baada ya miaka kumi na saba, aliuza vyombo vyake na kurudi kwa mama yake. Hata yeye ardhi haikuwa yake, ilikuwa ya kampuni. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tunaongeza kwamba hata daftari likiwepo, lazima usome ni jina la nani limeandikwa.

Sasa tuje kwenye majengo. Nyumba kubwa haikubomolewa. Ilipita mikononi mwa watu mbalimbali, mmoja wao ofisa wa jeshi la Uingereza ambaye alipofariki aliwaachia binti zake. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua na kuipa Kenya kama zawadi ya uhuru. Hapo kikaanzishwa chuo cha mambo ya lishe, na nyumba ya Karen ikatumika kama makazi ya mkuu wa chuo. Mwaka 1985 ilipotengenezwa ile filamu ya maisha yake, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakaitaka nyumba. Vyombo ambavyo Karen alikuwa amemuuzia Lady McMillan vilitafutwa vikarudishwa, na mwaka 1986 nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho. Nyumba nyingine ya zamani ya shamba hilo iligeuzwa kuwa mkahawa. Basi hesabuni wenyewe: nyumba moja imekuwa ya mkulima, ya ofisa wa jeshi, ya chuo, na sasa ya makumbusho, na kuta ni zile zile.

Kuna habari nyingine iliyotugusa zaidi. Kule Denmark, nyumba aliyozaliwa Karen mwaka 1885, inayoitwa Rungstedlund, nayo ilikuwa ya zamani, na zamani sana iliwahi kuwa nyumba ya wageni. Alipozeeka hakuwa na pesa za kuitunza pamoja na miti yake. Mwaka 1958 akazungumza kwenye redio, akamwomba kila msikilizaji atume krone moja tu, ambayo ni kama mtu kutoa shilingi. Maelfu kwa maelfu wakatuma. Yeye alifariki mwaka 1962, na mwaka 1991 nyumba hiyo ikawa makumbusho, na uwanja wake ni mahali pa ndege.

Akina mama, hapo ndipo tulipojiona. Shamba la ekari 6,000 lilitegemea matajiri wachache wa familia moja, na walipochoka likaisha. Nyumba ya Rungstedlund ilichangiwa na watu wengi, kila mmoja kidogo, na mpaka leo imesimama. Kikundi chetu kimefanya hivyo hivyo miaka kumi, kila mkutano kila mtu na mchango wake, hata wiki ambayo mtoto amefukuzwa shule kwa sababu ya karo.

Kwa hivyo kamati inaleta maoni haya mkutanoni, na kila mwanachama ana haki ya kuyapinga. Kwanza, hati ya ploti iwe kwa jina la kikundi, isiwe ya mwenyekiti wala ya mweka hazina, na kila mwanachama apewe nakala ya katiba. Pili, stoo isibomolewe. Fundi ameiangalia, kuta ni nzima, kilichooza ni mabati na mbao za paa. Upande mmoja tuweke mashine ya kusaga, upande wa pili tukodishe kwa cherehani. Vyumba vya kukodisha tutajenga nyuma pesa zikipatikana, bila mkopo wa kutunyima usingizi. Tatu, majina ya wanachama wote waanzilishi, pamoja na wenzetu waliotangulia mbele ya haki, yaandikwe kwenye ukuta wa mbele.

Mafundi watakaopaka rangi wasisahau hilo la tatu.

Kwa niaba ya wanachama wote,
Mwenyekiti