Saratani, Zahanati na Haki ya Mnyonge: Funzo la Historia

Katika jamii yenye matabaka, kitanda cha hospitali kina mwenyewe. Saratani, au kansa kama wengi tunavyoiita, inalidhihirisha jambo hili kuliko maradhi mengi, kwani kupona au kufa kwa mgonjwa hutegemea sana siku aliyogunduliwa. Aliye karibu na daktari hugunduliwa mapema. Kabwela hufikishwa hospitali ugonjwa umekwisha kukomaa. Ndiyo maana sisi tunaofundisha elimu ya siasa hatuna budi kuichambua historia ya jambo hili katika nchi yetu.

Enzi ya mkoloni

Katika miaka ya 1890 Wajerumani walijenga Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Waliiweka ufukweni, penye upepo mwanana, kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Waingereza waliokuja baadaye hawakuubadili msingi huo wa kutibu watu kwa rangi na cheo. Mama wa kijijini aliyekufa kwa kansa ya mlango wa kizazi hakuandikwa katika daftari lolote, na majirani walisema amerogwa.

Azimio na vijiji

Azimio la Arusha la 1967 lilitaka maendeleo yawafikie watu walipo, yaani vijijini. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970, mkazo ukahamishwa kutoka hospitali kubwa za mijini kwenda kwenye zahanati na vituo vya afya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi, wakisikiliza redio, wakijadili, kisha wakichimba vyoo. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba ya watu binafsi kwa ajili ya faida. Mwaka 1978, huko Alma-Ata, mataifa yaliitambua afya ya msingi kuwa njia ya kuwafikia watu wote.

Hata hivyo, historia haiendi bila migongano. Juhudi hizo zililenga malaria, surua, kuhara na uzazi salama, nazo zilistahili kutangulia. Kansa ikabaki ugonjwa wa kutibiwa mjini. Tiba ya mionzi ilianza Ocean Road mwaka 1980, na mwaka 1996 sheria ikaifanya kuwa taasisi kamili ya saratani. Jengo la Wazungu likawa la wananchi: huo ni ushindi. Lakini kwa miaka mingi mgonjwa wa Kigoma alisafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kuifuata mionzi. Tena chanzo cha mionzi katika mashine ya kobalti hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya miaka 5 na kidogo. Kinapodhoofika, kila mgonjwa hukaa muda mrefu zaidi chini ya mashine, foleni hurefuka, na chanzo kipya hununuliwa kwa fedha za kigeni.

Uchumi ulipoyumba, mageuzi yakafuata. Tiba ya faida iliruhusiwa tena mwaka 1991, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za Serikali. Hata pale mgonjwa aliposamehewa malipo ya tiba, nauli, chakula na malazi havikumsamehe.

Silaha iko zahanati

Sayansi ya leo inatuonyesha njia. Kansa ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake wetu, hutokana na virusi vya papiloma. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa, ingawa kwa mwenye VVU asiyetibiwa huenda mbio zaidi. Miaka hiyo ni nafasi ya kuokoa maisha. Muuguzi aliyefunzwa hupaka siki iliyopunguzwa makali, husubiri dakika moja, na mahali palipobadilika hugeuka peupe. Mara nyingi pataondolewa siku ile ile kwa baridi kali au joto. Chanjo nayo ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana mwaka 2018, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14.

Tunaona basi kwamba mtandao wa zahanati uliojengwa kwa ajili ya malaria na uzazi ndio unaoweza kuizuia kansa hii. Hospitali kubwa tunazihitaji, na ni jambo jema kwamba huduma za saratani zimejengwa pia Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi. Lakini mashine ya mjini haimwokoi mama ambaye hakuchunguzwa kijijini. Vilevile, kumchunguza mama na kumwambia ana ugonjwa, kisha kumwacha bila nauli ya kwendea tiba, ni kumwongezea mzigo.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kipimo chake kitakuwa yule mama wa kijijini. Kwa hiyo kazi ya kada ni kuuliza maswali haya katika mkutano wa kijiji: Siki ipo zahanati? Muuguzi amefunzwa? Wanawake wangapi wamechunguzwa mwaka huu? Waliopewa rufaa walifika hospitali, na nani aliwafuatilia? Majibu yaandikwe, yasomwe hadharani, na mkutano unaofuata uanze kwa kuyapitia.