Kulipa kwa Mafungu au Kufilisika: Madeni ya Arusha

Kwenye miteremko ya Mlima Meru, madeni mengi yalimalizwa kwa mazungumzo. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti kwa Waarusha miaka ya 1950, alikuta ugomvi wa mali ukipelekwa kwenye vikao vya ukoo, rika au mtaa, kila upande ukiwa na wasemaji wake. Watu walibishana mpaka kipatikane kiasi ambacho mdaiwa angeweza kukitoa na mdai angeweza kukipokea.

Nje ya vikao hivyo, sheria ya ufilisi ya Tanganyika ya 1930 ilikuwa imeleta utaratibu wa Kiingereza. Ombi lilipelekwa Mahakama Kuu, mali ikawekwa chini ya mfilisi wa serikali, kisha wadai wakaitwa. Hapo mdaiwa aliruhusiwa kupendekeza mpango wa malipo. Ukikubaliwa na wadai walio wengi kwa idadi, wenye robo tatu ya thamani ya madeni, na mahakama ikiridhia, mpango uliwabana hata waliokataa. Ukigonga mwamba, alitangazwa mufilisi na mali ikagawanywa.

Utaratibu huo uliwafaa zaidi wafanyabiashara na walowezi. Mwafrika alikuwa chini ya sheria ya mikopo kwa wenyeji ya 1923, iliyokazwa 1931: mwenye duka aliyemkopesha bila kibali cha ofisa wa serikali hakuweza kumdai mahakamani. Serikali ilisema inamlinda. Ilimfungia pia mkopo halali, na bila deni la kudaiwa kortini, kwa kawaida ufilisi haukumhusu.

Sheria ya mwenendo wa madai ya 1966 ndiyo inayomgusa mdaiwa wa kawaida. Hakimu anaweza kuamuru deni lilipwe kwa mafungu, lakini hukumu ikishatoka, lazima mdai akubali. Asipokubali, huja dalali wa mahakama kukamata mali. Vyombo vya kupikia, vitanda, zana za fundi na nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake havikamatwi, ila nyumba iliyowekwa rehani haina kinga hiyo. Mdaiwa anaweza hata kufungwa kama mfungwa wa madai, na gharama ya chakula chake humwangukia mdai, jambo linalowafanya wadai wengine wafikirie mara mbili.

Viwanda vilikuwa na njia yao. Mwaka 1991 chombo kiitwacho LART kiliundwa kukusanya mikopo mibovu ya benki za umma, na baadaye tume ya kurekebisha mashirika ya umma, PSRC, ikapewa mamlaka ya mfilisi, hivyo wadai wakazuiwa kukamata mali bila ruhusa. Upande wa Themi na Njiro jijini Arusha, kiwanda cha matairi cha General Tyre, ambacho serikali ilikuwa na asilimia 74 na Continental ya Ujerumani asilimia 26, kilisimama 2009 kikidaiwa na mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Hakikupigwa mnada, bali serikali ilinunua hisa za mwenzake na kukikabidhi kwa shirika la maendeleo la taifa, NDC.

Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 ilileta leseni kwa wakopeshaji, na riba ikawekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, lakini mikopo ya riba kubwa iitwayo “kausha damu” haikuisha. Kenya ilibadilisha sheria yake ya ufilisi mwaka 2015: asiye na mali, mwenye deni la kati ya shilingi 100,000 na milioni 4 za Kenya, anaweza kuachiliwa baada ya miezi 12. Sheria ya ufilisi ya Tanzania, Sura ya 25, haina utaratibu wa aina hiyo, na mwenye kibanda sokoni anayedaiwa na wakopeshaji watatu hubaki kuzungumza na kila mmoja peke yake.